Cavorite, feri ya Likoni na roketi ya Ngomeni

Mwaka 1901 H. G. Wells alitoa riwaya, The First Men in the Moon. Ndani yake mwanasayansi Cavor anatengeneza cavorite, kitu kinachozuia graviti kama pazia linavyozuia jua. Anaunda tufe, analizungushia mapazia ya kitu hicho, na huyo, anapaa hadi Mwezini. Jules Verne hakufurahishwa kabisa. Yeye wahusika wake aliwarusha kwa mzinga na baruti. Sasa huyu Mwingereza, hayo madini yake yako wapi?

Mimi niko na Verne, ingawa mzinga wake ungewasaga abiria wote kabla hawajatoka mdomoni.

Shida si kwamba cavorite haijachimbwa bado. Hebu chukua gurudumu la mkokoteni, lisimamishe kwenye mhimili wake, kisha weka kipande cha cavorite chini ya nusu moja tu. Nusu hiyo haina uzito, nyingine inao. Nzito itashuka, nyepesi itapanda, na gurudumu litazunguka milele bila mtu kulisukuma. Funga jenereta hapo, Likoni nzima inapata stima bure. Fizikia haina bure hiyo. Sisi wa Likoni tunajua: kwenye feri anayetembea kwa miguu halipi, lakini ile dizeli lazima kuna mtu anailipia.

Umeme unazuilika kwa sababu chaji ni za aina mbili, zinafutana. Graviti inavuta tu. Kuna waliotumaini labda antimata ingeanguka kwenda juu. Mwaka 2023 wanasayansi wa CERN walitangaza kwamba waliiachilia antihaidrojeni, ikashuka chini kama embe.

Pwani yetu bili ya graviti imewahi kuilipa kwa pesa taslimu. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo. Mbona Ngomeni? Karibu na ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi ikielekea mashariki inaanza safari na kasi hiyo mfukoni. Punguzo lenyewe ndilo hilo, hakuna jingine.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout yenye tani zaidi ya 15 iliungua pale ili kupandisha setilaiti ya NASA ya kilo 140 hivi. Wakaiita Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei angani, na vipimo vyake viliwafanya wanasayansi waitilie shaka Cygnus X-1: kitu kidogo mno, kizito mno. Leo tunakijua kama shimo jeusi, mahali ambapo graviti haiachilii hata mwanga.