Goma na Wanaorejea: Ardhi Ndiyo Lango

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka hadi katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikazika maduka na nyumba, kisha ikamwagika Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walivuka mpaka kuingia Gisenyi. Mashirika ya misaada yaliandaa kambi ndani ya Rwanda na kuwataka wakae huko, kwa kuwa ardhi ilikuwa bado inatetemeka na hakuna aliyejua kama mlima umemaliza. Wengi hawakukubali. Siku mbili tatu baadaye walikuwa wanamiminika kurudi, wakipita juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Waliokuta parseli zao zimefunikwa walijenga kwa mbao juu ya lava ileile, na mji ukainuka tena mahali pake. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, maelfu ya wakimbizi Wakongomani waliokuwa katika kambi za Kiziba na Gihembe nchini Rwanda walipakiwa kwenye malori na kuletwa upande wa Masisi na Kichanga, eneo lililokuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD-Goma. HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilipinga, kwa sababu ilikuwa na shaka kubwa kama walikuwa wakirudi kwa hiari. Mpaka waliuvuka, lakini wengi wao hawakufika kwenye mashamba waliyoyaacha. Waliishia kwenye vibanda vya wakimbizi wa ndani, safari hii katika nchi yao wenyewe.

Matukio haya mawili ya mwaka mmoja yanastahili kuwekwa pamoja, kwa sababu yanafundisha jambo ambalo mazungumzo mengi ya amani yamelipita. Waliorudi Goma mwezi Januari walikuwa na hatari inayoonekana kwa macho, moshi ukiwa bado unafuka juu ya vichwa vyao, lakini hakuna jirani aliyewauliza wao ni nani. Walioletwa kutoka Kiziba walikutana na maswali kila walipokanyaga: wewe ni wa kijiji gani, shamba hili ulipewa na nani, babu yako aliingia nchi hii mwaka gani? Hoja yangu ni kwamba katika historia ya Goma na Kivu ya Kaskazini, kinachoamua kama mtu aliyeishi ugenini miaka mingi atarudi kwao ni haki yake juu ya ardhi, ikiwa imetambuliwa na serikali na pia na jirani anayelima upande wa pili wa mpaka wa shamba. Malori, mikataba na hata kunyamaza kwa bunduki vina kazi yake, lakini vikitangulizwa kabla ya haki hiyo havimfikishi mtu nyumbani.

Ugomvi wa ardhi ya Masisi haukuanza na vita vya juzi. Mwaka 1910 mataifa ya Ulaya yaliyotawala eneo hili yalikubaliana huko Brussels juu ya mpaka, na familia zilizozungumza Kinyarwanda upande wa Bwisha, katika Rutshuru ya leo, zikajikuta ndani ya Kongo bila kuhama. Kisha Wabelgiji wakaongeza la pili. Mwaka 1928 waliunda Comité National du Kivu ili kugawa ardhi kwa walowezi, na mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto yakahitaji vibarua. Mwaka 1937 wakaanzisha shirika la kuhamisha watu kutoka Rwanda, lililojulikana kwa herufi MIB. Hadi mwaka 1955 watu wanaokadiriwa kuwa 85,000 walikuwa wameletwa, wengi wao Masisi, wakapewa hata eneo lao la utawala lililoitwa Gishari. Kwa desturi ya Wahunde, wenyeji wa Masisi, mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mwami au mkubwa wa ardhi, akatoa heshima yake, na kila msimu akakumbuka sehemu ya mavuno. Wahamiaji wa Gishari hawakupitishwa mlango huo. Ardhi waliipata kwa karatasi ya Mzungu. Mwaka 1957 Wabelgiji wenyewe waliifuta Gishari na kuirudisha chini ya mamlaka ya Wahunde, lakini mashamba yalikuwa yameshalimwa na watoto wameshazaliwa. Hivyo juu ya kilima kimoja zikabaki haki mbili zenye asili mbili, na kila upande ukaamini kwa dhati kwamba ya kwake ndiyo ya kweli. Lawama ya kwanza ni ya mkoloni aliyewakutanisha watu hawa bila kuwapatanisha, na sioni sababu ya kuificha.

Serikali ya uhuru ilikuwa na nafasi ya kutengeneza, ikazidisha. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaufuta uraia huo wa jumla, ikadai mtu athibitishe kwamba wazee wake walikuwa wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885, jambo ambalo mjukuu wa mhamiaji wa Gishari asingeweza hata kidogo. Sheria ya Novemba 2004 ikarudisha mlango kwa jamii zilizokuwamo nchini wakati wa uhuru, mwaka 1960. Chukua mtu aliyezaliwa Masisi mwaka 1950 kwa wazazi walioletwa na MIB: amekuwa raia, kisha mgeni, kisha raia tena, bila kuhama kutoka boma lake. Kwa upande wa ardhi mambo yalikwenda vilevile. Sheria ya Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya serikali, na kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa desturi ikaahidi amri ya rais itakayoeleza haki za wakulima. Amri hiyo haikutolewa. Mwaka huohuo, katika kile kilichoitwa kuzairisha, mashamba ya walowezi yaligawiwa watu wenye ukaribu na utawala, na Masisi ikajaa ranchi za ng'ombe zenye hati kutoka Kinshasa, huku mkulima wa Kihunde na mkulima wa Kinyarwanda wakisukumwa pamoja kwenye miteremko isiyo na karatasi yoyote. Watu hao wawili, ambao baadaye walishikiana mapanga, walikuwa wamenyang'anywa na mkono mmoja.

Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu walikufa na watu wapatao laki mbili na nusu wakahama makwao. Julai mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, zaidi ya watu laki nane waliingia Goma kwa siku chache, wakiwemo askari na wanamgambo waliotenda mauaji hayo, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kati yao kwenye kambi za Kibumba, Katale na Mugunga. Silaha za askari na wanamgambo hao zilipanda hadi Masisi. Kufikia mwaka 1996 Watutsi wa Masisi walikuwa wakifukuzwa kuelekea Rwanda, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuishi. Huko nako hawakuwa salama: Agosti na Desemba 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa na mamia wakauawa, na walionusurika wakahamishiwa Gihembe. Kiziba ilikuwa imefunguliwa Desemba 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo wa kwanza sasa ana umri wa kuwa na watoto wake.

Kuna anayeweza kunipinga kwa kutumia Novemba 1996. Mwezi huo, baada ya waasi wa AFDL na jeshi la Rwanda kuvunja kambi za Goma, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki tano walivuka kurudi kwao kwa muda usiofika wiki mbili, wakijaza barabara ya Gisenyi kutoka ukingo hadi ukingo. Je, hilo halithibitishi kwamba watu wakisukumwa wanarudi, na maswali ya ardhi yatasubiri? Nadhani linathibitisha kinyume chake. Waliovuka siku zile walikuwa raia wa Rwanda kwa maneno ya kila mtu, pamoja na serikali iliyowapokea na jirani aliyewachukia. Hatia ya baadhi yao ilikuwa na mahakama yake, lakini haki yao ya kuwa Wanyarwanda haikubishaniwa. Swali la mashamba yao, yaliyokuwa yamekaliwa na wakimbizi wa mwaka 1959 waliotangulia kurejea, lilikuwa chungu, na serikali ililazimika kulijibu, mahali pengine kwa kugawa shamba moja mara mbili. Msukumo uliwafikisha mpakani. Kutambuliwa ndiko kulikowafikisha vijijini. Tena walioogopa kwamba hawatatambuliwa walikimbilia upande mwingine, msituni kuelekea magharibi, na wengi walifia huko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na kwa miaka mingi limekuwa midomoni mwa watu wa Goma: kwamba nyuma ya neno wakimbizi wanaorudi wamo Wanyarwanda wanaotafuta ardhi. Si haki kulifukuza kwa kuliita chuki tu. Makubaliano yaliyotiwa sahihi Goma tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali ya Kongo na waasi wa CNDP yalizungumzia kurejea kwa wakimbizi na kuunda kamati za upatanishi katika vijiji. Februari 2010 Kongo, Rwanda na HCR zikasaini mkataba wa pande tatu. Wakati huohuo familia nyingi ziliingia Masisi na Rutshuru bila kupitia orodha ya HCR, na hakuna chombo kilichoaminiwa na pande zote cha kusema huyu ni wa hapa na yule siye. Mahali ambapo wanaorejea wanasindikizwa na wenye bunduki, mwenyeji anakosa njia ya kumtofautisha jirani wa zamani na mvamizi, na shaka yake inakuwa ya busara. Lakini shaka hiyo inaiunga mkono hoja yangu. Kinachoweza kuiondoa ni uhakiki unaofanywa hadharani, kijijini, mbele ya wazee wa pande zote na majirani wanaokumbuka nani alilima wapi, pamoja na rejista za parokia, shule na chifu. Kazi hiyo ni ya polepole. Kamati za upatanishi ziliundwa kwa ajili yake, na hazikupewa nguvu wala muda.

Wengine husema usalama kwanza, mengine baadaye. Hakuna mtu mwenye akili atakayedharau usalama baada ya yaliyoipata Kivu. Hata hivyo wakulima wa Rutshuru na Nyiragongo wamekuwa wakirudi mashambani mwao kila mapigano yanapotulia kwa wiki chache, wakijua yanaweza kuanza tena kesho, kwa sababu shamba ni lao na kila mtu anajua. Kwa upande mwingine, ilikuwepo miaka ambayo Masisi ilikuwa na utulivu wa kiasi, na Kiziba haikupungua; watu walipendelea kuandikishwa kwa safari ya Marekani, nchi ambayo kuanzia mwaka 2012 ilikuwa imefungua mlango mpana kwa Wakongomani wa kambi za maziwa makuu. Mtu aliyechagua kuanza upya Kentucky au Texas, ng'ambo ya bahari, badala ya kupanda basi la saa chache kwenda kilima cha baba yake, anatuambia zaidi kuhusu kilima hicho kuliko kuhusu urefu wa safari.

Limebaki pingamizi la aliyeko shambani sasa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Katika miaka thelathini, shamba lililoachwa halikubaki tupu. Limeuzwa, limerithiwa, limelimwa na mtu ambaye naye alifukuzwa kwingine. Kumwondoa kwa jina la haki ya wa kwanza ni kuandaa mkimbizi mpya. Kwa hiyo kutambua haki ya anayerejea lazima kuende sambamba na fidia, au kugawana, au kupewa mahali pengine, na ardhi ya kufanyia hivyo ipo: ni zile ranchi za mwaka 1973 na baadaye, ambazo hati zake nyingi hazijawahi kuchunguzwa. Kila mazungumzo ya amani yamezipita kando kwa sababu wenye nazo, wa kila kabila, ndio wanaokaa mezani.

Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 tumeona tena njia ya zamani. Februari mwaka huo wakimbizi wa ndani wa kambi ya Bulengo waliambiwa waondoke ndani ya saa 72, na kambi zilizokuwa zimeuzunguka mji, zikihifadhi mamia ya maelfu, zikavunjwa. Wengi wao walifika vijijini wakakuta nyumba zimeanguka na mashamba yana watu. Julai 2025 wajumbe wa Kongo, Rwanda na HCR walikutana Addis Ababa kufufua mazungumzo ya pande tatu, huku Rwanda ikiwa bado na zaidi ya Wakongomani 70,000 kambini. Ninawaomba wanaokaa kwenye meza hizo wasianze kwa kuhesabu malori. Waanze na amri ya ardhi za desturi inayongojwa tangu mwaka 1973, wachunguze hati za ranchi, na wazipe kamati za vijiji za Masisi, Rutshuru na Nyiragongo mamlaka ya kuhakiki majina mbele ya majirani, kabla gari la kwanza halijavuka Grande Barrière, mpaka wa Gisenyi na Goma.