Mashine za Gemu: Kutoka Tokyo hadi Kuze

Katika miji ya Kenya, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa kama Kuze ikiwemo, mashine ya gemu haikuwa kitu cha kila sebule. Wengi waliicheza kwenye vibanda, wakilipa kwa mechi. Mwenye kibanda alitoa mtaji mara moja, kisha akaurudisha shilingi kwa shilingi. Bei ya mashine, pamoja na bei ya diski na padi zinazochakaa upesi, ndiyo iliyoamua faida.

PlayStation 2 ya Sony, iliyotoka Japani Machi 2000, ililingana na hesabu hiyo. Xbox ya 2001 ilikuwa na picha kali zaidi, lakini iliuza takriban mashine milioni 24 duniani, ilhali PlayStation 2 ilivuka milioni 150. Picha kali pekee hazikutosha: PlayStation 2 ilicheza DVD na ilikuwa na gemu nyingi mno. Na mashabiki wa kandanda hawakuhitaji kuona jasho la mchezaji ili wabishane juu ya penalti.

Sony yenyewe ilisahau somo hilo, kwamba picha kali si kila kitu. Mwaka 2006 toleo ghali zaidi la PlayStation 3 lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 599, wakati Wii ya Nintendo, dhaifu kwa picha, iliuzwa dola 250 na kuishinda kwa mauzo. Kwa kibanda cha mtaani, dola 599 zilikuwa ndoto. PlayStation 2 iliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 2013, miaka 6 baada ya mrithi wake kutoka.