Hongo ya njiani na bei yote

Wenzangu, wakati wa Tippu Tip, pembe za ndovu zilitoka Kasongo, zikapita Kabambare, zikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, kisha Tabora na Bagamoyo, mbele ya kufika Unguja. Bei ya pembe pale Kasongo ilikuwa mwanzo tu wa hesabu. Njiani machifu walidai hongo ya vitambaa na shanga; Ugogo ilijulikana sana kwa hiyo. Msafara ukiwa katikati ya njia, kurudi nyuma ni hasara zaidi. Basi unalipa.

Tikiti za tamasha kwenye intaneti zimeuzwa vile vile: bei ndogo mwanzo, ada mwisho, wakati umekwisha kuchagua kiti. Marekani, tangu 12 Mei 2025, muuzaji akitangaza bei ya tikiti lazima aonyeshe bei yote, pamoja na kila ada ya lazima.

Huku kwetu, mkulima wa Kabambare anasikia bei ya gunia la mchele Kasongo, anapakia, kisha bariera zinakula faida. Msimu ujao anakosa hata pesa ya mbegu. Tuanzie hapa: mbele ya kupakia ao kulipa, tuulize, bei yote ni ngapi?