Picha ya fomu ya matokeo kwenye simu: Je, mahakama inaipokea?

Kura zimehesabiwa, wakala kapiga picha ya fomu ya matokeo, na dakika chache baadaye picha iko kwenye kundi la WhatsApp. Matokeo yakitangazwa tofauti, picha hiyo inasaidia mahakamani? Jibu fupi: inaweza kupokelewa, lakini peke yake ni dhaifu.

Kinachobishaniwa ni fomu
Tanzania hupiga kura kwa karatasi na kuhesabu kwa mkono kituoni. Hakuna mashine inayohifadhi picha ya kila kura, kama ilivyo katika baadhi ya maeneo ya Marekani. Mzozo huwa kwenye fomu ya matokeo: ya urais, ya ubunge au ya udiwani.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Ila jaji hupima uzito wake: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, ulitumwaje, na nani aliutoa.

Masasi na Newala waende wapi?
Anayepinga ubunge wa Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi, Newala Mjini au Newala Vijijini hufungua kesi Mahakama Kuu, kanda ya Mtwara, ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Kwa urais mlango umefungwa: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo yaliyotangazwa na Tume.

Funzo la Kenya
Mwaka 2022 picha za Fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, kila mtu akaziona. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu zilikaguliwa. Baadhi ya nakala zilizoletwa kupinga matokeo zilikutwa zinatofautiana na fomu asili, na kesi ikatupwa Septemba 5.

Wakala afanye nini?
• Adai nakala ya karatasi ya fomu. Hiyo ndiyo silaha yake kubwa.
• Asifute picha ya kwanza kwenye simu. WhatsApp hupunguza ubora wa picha na kuondoa taarifa za muda na mahali ilipopigwa.
• Akiituma, aitume kama faili.
• Aitunze simu yenyewe, na awe tayari kutoa ushahidi.

Picha iliyozunguka makundi kumi bila kujulikana aliyeipiga itamsumbua mleta kesi kuliko mshindi.