Watoto Arobaini wa Clifton

Siku hizi mume na mke wanaotaka kumtwaa mtoto yatima awe mtoto wao huandika ombi. Huulizwa habari za ndoa, kazi, nyumba na afya yao, na wengine hunung'unika: maswali mengi hivi ya nini? Tuwasimulie, wasomaji wapenzi, jambo lililotokea Marekani mwaka 1904. Huko liliamua swali moja ambalo halikuandikwa katika karatasi yoyote.

Mjini New York, mwaka 1869, Sista Irene Fitzgibbon na masista wenzake wa Mapendo walifungua nyumba ya kupokea watoto wachanga waliotupwa. Nyumba ikajaa, nao wakaanza kuwapeleka watoto kwa treni katika parokia za mbali. Jamaa ya kikatoliki walimwendea padri wao, naye akashuhudia mwenendo wao, ndipo ombi likapelekwa New York. Waliruhusiwa kutaja mvulana au msichana, hata rangi ya nywele na macho (sisi twaona hilo lafanana mno na kuagiza nguo dukani). Lakini masista walibaki walinzi wa mtoto. Mjumbe wao alipita kutazama, na mtoto aliyeteswa aliondolewa.

Clifton na Morenci, katika Arizona, ilikuwa miji ya machimbo ya shaba. Mtu wa Katanga angeitambua kazi yake pale. Wachimbaji wengi walikuwa Wameksiko, wakatoliki, nao walilipwa chini ya Wazungu. Padri Constant Mandin, Mfaransa aliyekuwa bado mgeni pale, alitangaza habari ya watoto, na wake wa wachimbaji wakaomba. Tarehe 1 Oktoba 1904 treni ikaleta watoto 40, wadogo sana, wengi wa asili ya Ireland.

Wanawake wa Kizungu walipoona watoto weupe wanakabidhiwa akina mama Wameksiko, walikasirika. Uvumi ukaenea kwamba watoto wameuzwa. Usiku wa kesho yake wanaume wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakawanyang'anya. Masista na padri walitishwa vikali. Watoto 21 walirudishwa New York. 19 walibaki kwa Wazungu wa pale, watu ambao hawakuandika ombi, wala padri hakuwashuhudia.

Masista wakashtaki. Mwaka 1905 baraza kuu la hukumu la Arizona liliamua watoto wabaki pale walipo, kwa faida yao wenyewe. Faida ya mtoto ni neno jema, na sheria za nchi nyingi zalitumia hata leo. Waamuzi wale walilipima kwa rangi ya ngozi. Tarehe 3 Desemba 1906 baraza kuu la Marekani nalo likaikataa rufani, likisema halina mamlaka juu ya jambo hilo.

Kesi ilikuwa kati ya masista na John Gatti, mmoja wa Wazungu waliobaki na watoto. Akina mama Wameksiko, walioomba kwa utaratibu na kukubaliwa, hawakuwa upande wowote wa kesi hiyo.