Kozi ya Utungaji wa Kiingereza Chuoni: Chimbuko Lake na Funzo kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Msafiri atokaye Musanze kwenda Gisenyi hupita Mahoko, kituo cha biashara katika tarafa ya Kanama, wilaya ya Rubavu. Sokoni pale Kinyarwanda ndicho kinachotawala, na Kiswahili hakikosekani, kwa kuwa Goma haiko mbali. Kiingereza, kwa upande wake, ni lugha ya darasani na ya mabango.

Kijana aliyelelewa katika mazingira hayo anapoingia chuo kikuu hukabidhiwa, mwanzoni mwa muhula, waraka wa kozi ya Kiingereza. Waraka huo hueleza matarajio na kanuni: mahudhurio, idadi ya insha, tarehe za kukusanya kazi, namna ya kutaja vyanzo, na adhabu ya kunakili kazi ya mwingine. Mwanafunzi huusoma kana kwamba ni amri isiyo na mwenyewe. Katika makala haya tunadhamiria kuonyesha kwamba kanuni hizo zina historia. Zilitungwa na watu, kwa sababu maalumu, na kwa wanafunzi wa aina nyingine kabisa. Suala hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kwa sababu tusipokuwa waangalifu tutaurithi waraka uleule pamoja na kasoro zake.

Chimbuko la kozi

Kozi ya lazima ya utungaji kwa mwaka wa kwanza ilizaliwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1874 chuo hicho kilianza kumtaka kila mwombaji aandike insha fupi ya Kiingereza, na insha hiyo ipimwe kwa tahajia, uakifishaji, sarufi na ufasaha. Matokeo yaliwashtua wakubwa wa chuo. Katika mtihani wa mwaka 1879 takriban nusu ya watahiniwa walishindwa. Ikumbukwe kwamba vijana hao hawakuwa wageni wa lugha. Wengi wao walikuwa wana wa Kiingereza, waliokinyonya kwa mama zao na kupitia shule nzuri. Walikijua Kiingereza, lakini hawakujua kuandika.

Adams Sherman Hill, aliyesimamia somo hilo, alisukuma mbele kozi iliyoitwa Kiingereza A, ambayo mwaka 1885 iliwekwa katika mwaka wa kwanza. Kufikia 1897 mafunzo ya uandishi ya mwaka wa kwanza ndiyo yaliyokuwa kozi pekee ya lazima chuoni hapo. Mwenzake, Barrett Wendell, aliwaandikisha wanafunzi wake ukurasa mmoja kila siku. Zoezi lilikuwa jema, lakini lilizaa mlima wa karatasi za kusahihisha. Mwalimu mwenye mamia ya insha mezani hana nafasi ya kujadiliana na hoja ya kila mwandishi. Huweka alama za mkato pambizoni na kuhesabu makosa. Kwa mantiki hii, mazoea ya kuikata insha alama kwa kila kosa la tahajia hayakutokana na nadharia ya uandishi peke yake. Yalitokana pia na uchovu wa msahihishaji.

Kozi hiyo ilipofika Rwanda

Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Rwanda kilifunguliwa Butare mwaka 1963, na lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kifaransa. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, chuo kilipofunguliwa tena mwaka 1995 kilipokea wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa nchini, Burundi na Kongo, pamoja na wengine waliosoma kwa Kiingereza Uganda, Kenya na Tanzania. Kiingereza kikafanywa lugha rasmi mwaka 1996. Ili pande mbili hizo zielewane, chuo kilianzisha shule ya lugha iliyojulikana kwa kifupisho EPLM, ambamo mwanafunzi alijifunza kwa mwaka mzima ile lugha asiyoijua kabla ya kuingia kitivoni mwake.

Hapo ndipo tofauti kubwa na Harvard inapojitokeza. Kozi ya Harvard ilitungwa kwa watu waliokwisha kuijua lugha. Kwetu darasa la Kiingereza lilipewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kumfundisha mwanafunzi lugha, na kumfundisha kupanga hoja kwa maandishi. Palipokosekana muda, kazi ya pili ndiyo iliyoachwa.

Mnamo Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika ngazi zote, na utekelezaji ukaanza mwaka 2009. Hebu tumfuate, kwa hesabu tu, mtoto wa Mahoko aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2006. Miaka mitatu ya mwanzo alisoma kwa Kinyarwanda. Alipofika darasa la nne, mwaka 2009, alitarajiwa kusoma kwa Kiingereza, na pengine mwalimu aliyekuwa mbele yake alikuwa amefundisha kwa Kifaransa hadi mwaka uliotangulia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirejeshwa katika madarasa matatu ya mwanzo, lakini yeye alikuwa amekwisha kuyapita. Bila kurudia darasa, angemaliza sekondari mwaka 2017 na kugonga mlango wa chuo kikuu mwaka 2018. Huyu ndiye anayekabidhiwa waraka wenye matarajio ya Harvard.

Athari zake

Mwanafunzi wa namna hiyo hujifunza haraka kwamba usalama wake uko katika sentensi fupi zisizosema kitu. Sentensi ndefu yenye wazo lake mwenyewe ina hatari ya makosa matano, ilhali sentensi aliyoinakili kitabuni haina kosa hata moja. Hivyo kanuni mbili za waraka hupigana. Moja inakataza kunakili, na nyingine, kwa kuadhibu kila kosa la sarufi, inamsukuma anakili. Siku hizi, ambapo programu za kompyuta zinaweza kutunga insha nzima isiyo na kosa la tahajia, kishawishi hicho kimezidi. Hatuhalalishi udanganyifu. Tunasema tu kwamba usahihishaji unaothamini usafi wa lugha kuliko hoja humfundisha mwanafunzi kuificha sauti yake.

Zamu ya Kiswahili

Mwaka 2017 Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Tangu hapo matarajio juu ya idara zetu yameongezeka, na swali la jinsi ya kufundisha utungaji haliwezi kuahirishwa. Tukumbuke kwamba hatuanzi patupu. Shaaban Robert alichapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imethibitisha kwamba hoja za kitaaluma zaweza kuandikwa na kutetewa kwa Kiswahili.

Hata kanuni ya kutaja chanzo, ambayo wanafunzi huiona kuwa ya kigeni, ina mizizi kwetu. Watunzi wengi wa tenzi za Kiswahili walitaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho. Nchini Rwanda, Alexis Kagame alipokusanya ibisigo, yaani tungo za kuwasifu wafalme, aliweza kuziorodhesha nyingi kwa majina ya watunzi wake, ingawa zilikuwa zimehifadhiwa kwa kumbukumbu bila kuandikwa. Mwalimu anayeanza na mifano hii hatalazimika kuanza na vitisho.

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo manne. Kwanza, alama za hoja na mpangilio zitengwe na alama za sarufi, na mgawanyo huo uandikwe wazi katika waraka wa kozi. Pili, kila insha kubwa iwe na rasimu mbili: ya kwanza isomwe kwa ajili ya hoja tu, na ya pili ndipo ipimwe kwa lugha. Tatu, mwanafunzi aruhusiwe kupanga mawazo yake kwa Kinyarwanda kabla ya kuandika kwa Kiswahili. Nne, kila kanuni iambatane na sababu yake, maana kanuni isiyo na sababu hutafutiwa mlango wa nyuma.

Yapo pia mapendekezo ambayo hayamhusu mwalimu peke yake. Rasimu mbili kwa darasa la watu mia na hamsini ni mzigo usiobebeka, na viongozi wa vyuo hawana budi kuzingatia idadi ya wanafunzi wanapopanga madarasa ya utungaji. La sivyo tutaishia pale walipoishia waliotutangulia, tukihesabu makosa usiku wa manane.

Hitimisho

Tumeona kwamba kozi ya utungaji ilibuniwa kutatua tatizo la vijana walioijua lugha bila kujua kuandika, na kwamba ilipofika kwetu ilibebeshwa mzigo wa pili ambao haikutengenezewa. Walimu wa Kiingereza hawapaswi kulaumiwa. Wengi wao walitekeleza sera kwa nguvu walizokuwa nazo. Sisi tuna bahati ya kuja baadaye. Wahenga walinena kwamba mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Basi kabla ya muhula ujao kila mmoja wetu auchukue waraka wa kozi yake, aisome kila kanuni, na ajiulize kama inamfundisha kijana wa Mahoko kuandika, au inampima kwa kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.