Ngome Iliyoingiwa na Altare

Mgonjwa wa Ndalambo akishindikana nyumbani, ndugu humpandisha gari kwenda Tunduma, au humpeleka Sumbawanga, ambako kuna hospitali ya misheni inayoitwa Dk. Atiman. Jina hilo si la Kifipa wala la Kinyamwanga. Ukilifuata, linakufikisha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye misheni iliyoanza kama ngome.

Aliyeanzisha kituo hicho mwaka 1879 ni Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa sayansi na kukomesha biashara ya watumwa. Kilichosimama ni ngome. Ziwa nalo likawacheza shere: maji yalirudi nyuma, na ngome ya ufukoni ikajikuta bara.

Kamanda wake wa mwisho, Émile Storms, sayansi aliielewa kwa namna yake. Desemba 1884 watu wake walimuua Chifu Lusinga ng'ambo ya ziwa, na fuvu lake likasafirishwa hadi Ubelgiji.

Baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold aligeuzia macho Kongo. Mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale waliozoeleka kuitwa Mapadri Weupe. Hawakubomoa. Waliingiza altare, na kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawahifadhi watu waliokimbia watekaji watumwa.

Shirika lao halikuwa geni katika kusali juu ya mabaki ya watawala. Miaka hiyohiyo mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa akijenga kanisa kuu Carthage, Tunisia, juu ya kilima cha Byrsa, katikati ya magofu ya Wafoinike na Warumi. Lilikamilika mwaka 1890. Warumi walikuwa wameondoka zaidi ya miaka elfu moja kabla. Wabelgiji wa Karema walikaa miaka sita tu.

Na Atiman? Adrien Atiman alizaliwa jirani na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama bidhaa. Mapadri walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akaoa binti wa huko, akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956.